Nani Anamvuta Nani?

Maandishi kuhusu Michoro ya Miambani ya Kondoa yako ya aina mbili. Kuna ya utalii: vaa viatu imara, beba maji, njia ina mawe na mwinuko ni mkali, watoto wadogo afadhali wabaki. Kuna na ya wataalamu: nyekundu ni ya kale, nyeupe ni ya baadaye, huyu ni twiga, yule ni pofu. Waandishi wa aina hizi mbili hawasomani, lakini wanamwandikia mtu mmoja: mtu mzima, mwenye pumzi, anayejua tayari alichofuata mlimani. Mimi nilipanda Kolo na wanangu, mmoja wa miaka saba, mwingine wa minne. Nilirudi nikiamini kwamba maelezo yetu kuhusu michoro hii yana kasoro, na kwamba mtoto huigundua upesi kuliko msomi.

Tuanze na mahali penyewe. Kijiji cha Kolo kiko kando ya barabara kuu ya Dodoma kwenda Arusha, kaskazini mwa mji wa Kondoa. Kutoka hapo unaacha lami, unaingia kwenye vilima vya ukingo wa Bonde la Ufa, ambako miamba mikubwa imepasuka na kuegemeana ikaacha vibanda vya mawe vyenye paa lililochomoza. Shirika la UNESCO liliorodhesha eneo hili kuwa Urithi wa Dunia mwaka 2006, eneo la kilomita za mraba 2,336, na makadirio ya vibanda vyenye michoro ni kati ya 150 na 450. Tofauti hiyo kubwa inaeleza ugumu wa ardhi yenyewe: hata kuhesabu kunahitaji miguu.

Vitabu vya utalii huuchukulia mwinuko kama gharama unayolipa kabla ya kufika kwenye sanaa. Kwa mtoto mwinuko ni sehemu ya sanaa. Anapanda kwa mikono na magoti, uso wake ukiwa shubiri moja kutoka kwenye jiwe, kwa hiyo anafika juu akiwa ameshaujua mwamba: wapi una moto wa jua, wapi una ubaridi, wapi unakwaruza na wapi ni laini. Mchoraji naye alilijua jiwe namna hiyo kabla ya kuchagua ukuta. Mkubwa anayepanda akitazama saa na simu anafika kwenye picha. Mtoto anafika kwenye ukuta ambao mtu aliamua kuuchora.

Mchoro maarufu kuliko yote pale Kolo unaonyesha watu watano wembamba, warefu, wenye vichwa vya ajabu. Mmoja yuko katikati, na walio kulia na kushoto kwake wamemshika mikono. Mary Leakey, aliyefanya kazi ya kunakili michoro ya eneo hili mwaka 1951 na kuichapisha katika kitabu chake cha 1983, aliliona tukio hilo kama utekaji: mwanamke anavutwa na upande mmoja, na upande wa pili unajaribu kumwokoa. Maelezo hayo yameshika. Wageni wengi huambiwa hivyo kabla hawajainua macho.

Mzee aliyetuongoza alikuwa na busara ya kunyamaza kwanza. Mwanangu mkubwa akatazama, akauliza, "Babu, nani anamvuta nani?" Mzee akacheka, akamjibu, "Mjukuu wangu, wewe unaonaje?" Mkubwa akasema wanacheza. Mdogo akasema yule wa katikati anaumwa, wanampeleka hospitali.

Hapa mhakiki lazima asimame. Ukiutazama ukuta bila kusikia habari ya utekaji, hakuna kitu kinachoonyesha nguvu inaelekea wapi. Mikono imeshikana tu. Watafiti wa baadaye waliowasikiliza Wasandawe, jamii iliyo hai jirani na Kondoa ambayo baadhi ya michoro myekundu huhusishwa na wahenga wake, wameihusisha michoro ya namna hii na simbo, ngoma ambamo mchezaji hupagawa na wenzake huwa karibu naye. Kwa usomaji huo, walioshika mikono huenda wanamtegemeza mtu asianguke. Mtoto wa miaka minne, kwa hospitali yake, alikuwa karibu na simbo kuliko habari ya mwanamwali anayetekwa, ambayo ni hadithi ya zamani sana katika sanaa ya Ulaya.

Sidai kwamba watoto wana macho safi. Wangu wanaleta katuni zao, shule zao na ugomvi wao wa asubuhi. Tofauti ni kwamba mtoto huiacha tafsiri yake ukimwonyesha kitu kipya ukutani, lakini sisi hutafuta ukutani ushahidi wa tafsiri tuliyokuja nayo.

Kasoro ya pili ni ya ladha. Michoro myekundu husifiwa: mistari myembamba, wanyama wenye uhai. Ile myeupe, minene, mara nyingi imepakwa kwa kidole, hupitwa haraka kwa sentensi moja, kwamba ni ya baadaye, ya wakulima, haina ustadi. Wanangu walikaa hapo muda mrefu kuliko pengine popote, kwa sababu waliitambua kazi ya kidole. Nadhani walikuwa na haki. Rangi iliyowekwa kwa kidole inaonyesha mwendo wa mkono: mahali ulipoanza, ulipokaza, ulipoishiwa. Tukiipima kwa kipimo cha nyekundu itashindwa daima. Na tusisahau kwamba nyeupe inahusishwa na wakulima wasemao lugha za Kibantu, yaani na watu wa aina ya wale wanaoishi chini ya kilima leo. Kuidharau ni kusema kwamba sanaa iliishia pale majirani walipoanza.

Kasoro ya tatu ndiyo nzito. Katika kibanda cha Mungomi wa Kolo, Warangi bado hufanya matambiko ya mvua na uponyaji, na pombe ya kienyeji hunyunyizwa mwambani. Wahifadhi wanalalamika kwamba unyevu unaiharibu rangi, na hilo ni kweli. Lakini sheria yetu ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inatambua mabaki yaliyotengenezwa kabla ya mwaka 1863. Inaulinda mchoro kama kitu, na haina neno kwa tambiko linalokifanya kitu hicho kiwe na maana kwa mtu aliye hai. Mtoto hajui sheria hiyo, lakini akiambiwa "usiguse" halafu akasikia kwamba wazee humwaga pombe palepale, atauliza tu: mbona wao wanaruhusiwa? Wangu aliuliza. Mzee akajibu, "Kwao hapa ni nyumbani." Jibu hilo ni zuri kibinadamu. Kisheria halina pa kusimama.

Upande wa tahadhari una haki yake. Magenge ni ya kweli, na kidole chenye jasho kinaharibu rangi iliyoishi karne nyingi. Mtoto asiyeweza kushikwa mkono na kutii neno moja asipelekwe. Lakini hoja ya usalama isigeuzwe kuwa hoja ya sanaa, kwamba michoro hii ni ya kueleweka ukubwani. Kizazi kinachokatazwa kupanda kikiwa na miaka saba hakitakuwa na sababu ya kupanda kikiwa na thelathini, siku ambayo mtu atakuja na nyundo kutafuta dhahabu ya Wajerumani chini ya mwamba, kama wengine walivyokwisha kufanya huko Kondoa.

Ninachodai ni kidogo. Maelezo yatanguliwe na swali. Mgeni, mkubwa au mdogo, apewe dakika tano mbele ya ukuta kabla ya kuambiwa neno "utekaji", na tafsiri zitajwe zote, pamoja na ya Wasandawe. Nyeupe ipewe muda sawa na nyekundu. Na tambiko la Warangi lielezwe kama jambo la leo, lenye watu wenye haki ya kuulizwa kabla ya sheria kuandikwa upya.