Paa la Kariakoo

Sisi wa Ngerengere, tulio kando ya reli ya kati, tulilijua soko la Kariakoo kwa paa lake kabla ya bei zake. Beda Amuli, msanifu wa jengo hilo lililofunguliwa mwaka 1975, aliinua miavuli ya zege inayokinga mvua na kuiteremsha katika tangi chini ya ardhi. Moto wa Julai 2021 uliliunguza. Serikali ikatoa fedha, likakarabatiwa. Kuhifadhiwa kwa umbo lile twakusifu. Walakini hatuupimi ukarabati wa soko kwa wingi wa vizimba. Fedha iliyotiwa katika zege hudai kodi. Nayo ikimshinda muuza mchicha, atarudi kupanga mafungu yake barabarani, juani, hatua chache kutoka miavuli ile.