Arusi ya Kichina na Wauzaji Wake: Ni Nani Anashika Desturi?

Vitu vingi tunavyonunua kwa ajili ya arusi hapa kwetu Katanga vimetoka Uchina: nguo nyeupe ya bibi arusi, maua ya plastiki, taa za kupamba sale. Wachuuzi wetu wanavifuata mpaka Guangzhou na kuvileta kwa kontena. Wachina wenyewe pia wameongezeka kati yetu, mu Kolwezi na mu Lubumbashi, zaidi tangu mapatano ya mwaka 2008 ya madini kwa barabara. Lakini tukiulizwa Wachina wanaoana namna gani, wengi wetu tunanyamaza. Tunajua vitu vyao, hatujui desturi yao.

Katika kurasa hizi tunataka kuchunguza jambo moja tu: namna familia za Kichina zinavyochagua watu wa kuzifanyia kazi za arusi. Mfano wetu ni Hong Kong, mji ulio karibu na Guangzhou, juu kule karibu kila kipande cha desturi kina fundi wake na bei yake. Swali ni hili: familia ikikodi watu wa kupanga arusi ya desturi, ni nani anayeishika ile desturi, familia ao muuzaji? Jibu letu tunalitoa mapema ili msomaji atupime. Kununua kazi si kosa. Lakini kuna maneno na matendo ambayo yakinunuliwa yanakufa, na muuzaji mzuri ni yule anayejua mahali ambapo yeye hapaswi kuingia.

1. Sheria ilipoachana na desturi

Zamani arusi ya Kichina ilifuata hatua sita, zilizoandikwa katika vitabu vya kale vya adabu: kupeleka ombi, kuuliza jina la binti, kutafuta ishara njema, kupeleka mali, kuomba siku, na mwisho bwana arusi kwenda kumchukua bibi arusi. Mshenga alitembea kati ya nyumba mbili. Msomaji wa kwetu ataitambua njia hiyo, maana hata kwetu mtu hakuamka asubuhi akaoa jioni.

Mu Hong Kong, iliyokuwa koloni ya Waingereza mpaka 1997, ndoa ya desturi ilikubaliwa na sheria mpaka mwezi wa Oktoba 1971. Kuanzia tarehe 7 ya mwezi ule, ndoa mpya haina nguvu kama haikufungwa kwa kufuata sheria ya ndoa ya serikali. Mwaka 2006 maavoka wenye kibali waliruhusiwa nao kufungisha ndoa nje ya ofisi, hata mu hoteli. Kwa hiyo avoka naye ameingia kwenye orodha ya watu wa kukodi.

Tulinganishe na Kongo. Sheria yetu ya familia ya tarehe 1 Agosti 1987, iliyorekebishwa 2016, bado inadai mahari, na inaitambua ndoa iliyofungwa katika familia kufuatana na desturi, sherti iandikishwe. Kwetu sheria bado inaishika desturi mkono. Kule Hong Kong imeiachilia. Chai ya wazazi, zawadi, nguo nyekundu: sheria haiombi hata kimoja. Kama vinaendelea, ni kwa sababu watu wanavitaka na wako tayari kuvilipia. Njo maana orodha ya wauzaji imekuwa kama kitabu cha desturi: kisichoandikwa mle hakifanyiki.

2. Zawadi inayorudi

Kabla ya arusi, nyumba ya mume inapeleka zawadi kubwa kwa nyumba ya bibi arusi: feza katika bahasha nyekundu, keki za arusi, nazi, majani ya chai, pombe, kuku, vyakula vya bahari vilivyokaushwa. Karibu kila kitu kina neno ndani yake. Jina la nazi linasikika kama "babu na mwana": ni kuomba vizazi vifuatane. Lakini hawa waliopeleka hawarudi mikono mitupu. Nyumba ya mke inapokea, inagawa, inarudisha sehemu, tena inaongeza vitu vya bwana arusi kama mkanda ao viatu. Anayesema kwamba mahari ya Kichina ni bei ya binti hajatazama mkono unaorudisha.

Leo maduka yanauza zawadi hizo zikiwa tayari mu vikapu. Keki nazo zina boni: unalipa dukani, unapewa boni, unawagawia ndugu na marafiki, kila mmoja anakwenda kujichukulia keki yake. Hatutacheka boni. Mtu anayeishi juu kabisa katika nyumba ndogo ya orofa atahifadhi wapi keki mia moja? Boni imepunguza kazi ya miguu, na upendo uliokuwa ndani ya keki umebaki.

Kikapu kilicho tayari ni jambo lingine. Kinahesabu vitu, hakihesabu maongezi. Kiasi gani kipokelewe, kiasi gani kirudishwe, hayo ni ya wazazi kukaa na kusemezana. Ukinunua kikapu cha kupeleka na kikapu cha kurudisha mu duka moja, siku moja, vitu vimetembea lakini nyumba mbili hazikuongea.

Tusidhani hili ni jambo dogo. Katika Uchina bara, mu vijiji vingi, mahari imepanda mpaka serikali ikaitaja kuwa tatizo katika waraka wake mkubwa wa vijijini wa mwaka 2019. Sheria ya kule inakataza kudai mali kwa njia ya ndoa, na tangu tarehe 1 Februari 2024 mahakama kuu imeweka kanuni za kuamua mahari irudishwe lini na kiasi gani. Yaani pale ambapo wazazi hawakuongea, hakimu ndiye anarudisha. Mwaka 2013 ndoa zaidi ya milioni 13 ziliandikishwa Uchina bara. Mwaka 2024 zilikuwa milioni 6 na kidogo. Sababu ni nyingi: vijana wamepungua, nyumba ni ghali, masomo yanachukua miaka. Lakini gharama ya kuoa imo katika hesabu hiyo.

3. Mama anayekodiwa

Mu Hong Kong kuna mwanamke mzoefu anayekodiwa kumwongoza bibi arusi; kwa Kikantoni anaitwa dai kam je. Anamshika bibi arusi mkono, anamfunika kwa mwavuli mwekundu wakati wa kutoka kwa wazazi wake, anatamka maneno ya heri kwa kila hatua, na anaonyesha ni nani apewe chai kwanza. Chai ndiyo roho ya siku. Maarusi wanapiga magoti, wanawatolea wazazi kikombe kwa mikono miwili, kisha wakubwa wengine kwa kufuata cheo cha ukoo. Ndani ya chai mara nyingi kuna tende nyekundu na mbegu za yungiyungi, ambazo majina yake yanaomba watoto waje mapema na wafuatane. Mkubwa anakunywa, anawabariki, anatoa bahasha nyekundu ao dhahabu.

Wengine watasema: mama wa kukodi wa kazi gani, na mashangazi wapo? Hatukubaliani nao upesi. Familia nyingi zimekuwa ndogo, mashangazi wamehamia Canada ao Uingereza, na waliobaki hawakumbuki mpango. Mtu anayejua kwamba kaka mkubwa wa baba anakunywa kabla ya kaka mdogo anazuia ugomvi wa miaka kumi. Kazi hiyo inastahili malipo.

Kosa linaanza wakati anaposema peke yake. Mama mwongozaji mbaya anatiririsha maneno ya heri tangu mlangoni mpaka mwisho, vizuri, kwa sauti nzuri, na mama mzazi anapokea kikombe bila kupata nafasi ya kusema neno lake moja. Kosa la pili ni kuwapanga wote namna moja. Wakantoni, Wahaka na watu wa Chaozhou hawana desturi moja katika kila kitu, kama vile Wabemba na Waluba hawaoi namna moja. Mwongozaji mzuri anafika nyumbani siku nyingi kabla, anauliza: "Ninyi mulifanya namna gani kwa dada yake mkubwa?" Yule asiyeuliza anauza desturi yake mwenyewe.

4. Nguo, foto na sale

Nguo ya Kikantoni ya bibi arusi ni nyekundu, imeshonwa joka na ndege wa ajabu kwa uzi wa dhahabu na feza. Ile ya daraja la juu kabisa, uzi unafunika kitambaa karibu chote. Ni kazi ya mkono ya miezi, ghali sana, kwa hiyo wengi wanaikodi. Hapo hatuna lawama. Nguo iliyovaliwa na maarusi wengi ni kama mwimbo wa kanisa, haiharibiki kwa kutumiwa.

Mpiga foto ndiye tunamlaumu zaidi. Yeye na gari wanalipwa kwa siku, na saa ya kazi ndiyo inatawala arusi. Zamani bibi arusi alirudi kwa wazazi wake siku ya tatu, pamoja na mume na nguruwe wa kuchoma, ili watu waone kwamba ametunzwa. Leo familia nyingi zinafanya hayo siku ileile, saa chache kisha kutoka. Binti anarudi kabla ya kuondoka! Likizo fupi ni sababu, tunakubali. Lakini ziara ya siku ya tatu ilikuwa na kazi: mama alimtazama binti usoni. Foto haiwezi kumtazama kwa niaba yake.

Halafu sale. Karamu inauzwa kwa meza, mara nyingi watu 12 kwa meza moja, na vyakula vinane ao zaidi. Hoteli nyingi zinadai idadi ya chini ya meza na avansi mapema, pengine mwaka mzima kabla. Mgeni naye anakuja na bahasha, na kiasi chake kinafuata mahali: karamu ya hoteli inadai bahasha nzito kuliko ya restora ya mtaa. Kwa hiyo maarusi wanaochagua sale ya fahari wamewapandishia wageni kodi bila kuwauliza. Sisi tunaolazimisha wageni wanunue kitenge cha sare tusiwacheke.

Mwaka 2020, wakati wa Korona, arusi zilikubaliwa kwa watu wachache tu, bila chakula wala kinywaji. Watu wengi waliahirisha karamu. Chai ya wazazi nyumbani haikuhitaji sale. Mwaka ule ulionyesha wazi kipi ni mti na kipi ni majani.

5. Barabara ya kadi

Ingekuwa makosa kufikiri kwamba wauzaji wote ni adui wa desturi. Mtaani Wan Chai kulikuwa na barabara ya Lee Tung, iliyojulikana kama Barabara ya Kadi za Arusi. Wachapaji wadogo walipangana pale, wakichapa mialiko na bahasha nyekundu. Kwa desturi mwaliko wa Kichina unatoka kwa jina la wazazi, na maneno yake yana mpango. Mchapaji aliyezoea angeweza kumsahihisha kijana kabla ya wino kukauka. Mamlaka ya kujenga mji upya iliitwaa barabara ile. Wakaaji walitoa mpango wao wenyewe wa kuokoa sehemu, ukakataliwa, na nyumba zikabomolewa kuanzia mwisho wa 2007. Mahali papya palitangazwa kuwa mahali pa arusi, na palifunguliwa mwaka 2015, na maduka mazuri. Jina la arusi lilibaki, mafundi waliojua maneno walitawanyika. Muuzaji mdogo wa mtaani anaweza kuwa mwalimu wa desturi, na anapoondoka anaondoka na somo lake.

6. Namna ya kuchagua

Kutokana na hayo, tunatoa mashauri machache. Kwanza, wazee wakae kabla ya avansi yoyote kulipwa. Tarehe, zawadi na wakubwa wa kupewa chai visitoke kwa muuzaji. Pili, kila anayekodiwa aulizwe: kazi yako inaishia wapi? Asiyejua mpaka wake asipewe kazi. Tatu, mpiga foto aelezwe kwamba chai hairudiwi kwa ajili ya kamera. Nne, mapatano yaandikwe, na avansi iwe ndogo kadiri inavyowezekana. Kule Hong Kong imetokea maduka ya arusi kufunga milango huku wateja wamekwisha kulipa. Tano, kama feza ni kidogo, punguzeni meza kabla ya kupunguza wazee.

Mashauri hayo yanatuhusu nasi. Mu miji yetu tayari kuna msemaji wa kukodi anayeongea mu mahari kwa niaba ya baba aliye hai na aliyeketi hapo. Anachekesha, anajua methali, watu wanapiga makofi. Baba anatoka bila kumwambia mkwe wake hata neno moja, na siku ndoa itakapotikisika, mkwe atamwendea nani? Msemaji amekwisha kulipwa.

Wazee walisema mwacha mila ni mtumwa. Tunakubali, lakini anayeishika mila kwa deni la miaka, kupitia kinywa cha mtu mwingine, naye hajawa huru. Tumkodi anayepika, anayeshona, anayeendesha gari. Kikombe tukitoe na kukipokea sisi wenyewe.