Jinsi Jasho la Wahadzabe Lilivyopimwa

Wengi wanaoingia barabarani alfajiri kukimbia ili wapungue wanaamini jambo moja: anayehangaika zaidi kutwa nzima ndiye anayeunguza zaidi. Imani hiyo ilipimwa kwa Wahadzabe, watu wanaoishi kwa kuwinda na kuchimba mizizi kando ya Ziwa Eyasi, kaskazini mwa Tanzania. Matokeo yalitolewa mwaka 2012 na Herman Pontzer na wenzake, na nguvu yake yote iko katika namna walivyopima.

Kumuuliza mtu amekula nini hakutoshi. Tunasahau, na mara nyingi tunapunguza. Watafiti waliwapa watu wazima 30 maji maalumu ya kunywa, yasiyo na madhara, ambayo haidrojeni na oksijeni yake ni nzito kuliko ya kawaida. Kisha wakakusanya sampuli za mkojo katika kipindi cha siku 11. Haidrojeni ile nzito hutoka mwilini pamoja na maji tu: mkojo, jasho, mvuke wa pumzi. Oksijeni hupita njia hizohizo, lakini hutoka pia ndani ya hewa ukaa tunayopumua nje. Kwa hiyo hupungua haraka zaidi, na tofauti hiyo ndiyo inayoonyesha mwili umetoa hewa ukaa kiasi gani, yaani umeunguza chakula kiasi gani. Uzuri wake ni kwamba hakuna anayefungiwa maabara. Kina mama waliendelea kuchimba mizizi, wanaume wakawinda na kurina asali. Vifaa vya GPS vilionyesha wanaume wakitembea kilomita 11 hivi kwa siku, wanawake karibu 6.

Hesabu ilitoa takriban kilokalori 2,600 kwa siku kwa wanaume na 1,900 kwa wanawake. Wahadzabe wana miili midogo, na mwili mdogo hutumia kidogo, hivyo ukubwa wa mwili ulizingatiwa kabla ya kulinganisha. Hatua hiyo ndiyo roho ya utafiti. Baada yake, matumizi yao hayakupishana na ya watu wa Marekani na Ulaya wanaoshinda wamekaa.

Pontzer anaeleza kwamba mwili uliozoea kazi nyingi hubana matumizi kwingine. Maelezo hayo bado yanabishaniwa, na mimi nisingeyachukua kama ruhusa ya kukaa. Mazoezi huunguza, ila kidogo kuliko tunavyodhani: soda moja ya mililita 300 hubeba takriban kilokalori 130, karibu sawa na nusu saa ya kutembea kwa haraka. Kuiacha ni kazi ya sekunde moja. Ndiyo maana anayetaka kupungua namshauri aanzie kwenye sahani na chupa, na mazoezi yamsaidie asirudi alikotoka.

Kinachoniuma ni kuona mtu akiacha tizi baada ya miezi miwili kwa sababu mizani haijasogea, ilhali sasa anapanda ngazi bila kuhema na misuli yake inatumia sukari vizuri zaidi. Faida za aina hiyo, zisizoonekana kwenye mizani, zilijitokeza kwa Wahadzabe pia: utafiti mwingine, wa mwaka 2017, uliwafunga vifaa vya kupima mapigo ya moyo. Walikuwa na zaidi ya saa mbili kwa siku za shughuli za wastani au nzito, na hata wazee waliendelea hivyo. Presha ya juu ilikuwa nadra kwao, na lehemu katika damu ilikuwa chini.