Nati ya Mwisho Hukazwa Chini

Gari la safari likiwa juu ya jeki katika gereji yoyote ya Arusha, kuna dakika moja inayomtenga fundi na mbadilisha vipuri. Linki mpya za stebilaiza zimeshaingia mahali pake, bolti zimepita, nati zimeshikwa kwa vidole. Mbadilisha vipuri huchukua spana akazikaza palepale, tairi zikining'inia, kisha akapangusa mikono. Fundi huziacha nusu. Huteremsha gari mpaka likae kwa uzito wake, akalitikisa kwa kulikandamiza kwenye bampa ili springi zipate kituo, halafu akatambaa tena uvunguni, penye nafasi finyu na vumbi la kumwingia machoni, akamalizia kukaza akiwa amelala chali. Taabu hiyo mwenye gari haioni wala haikuti kwenye risiti. Lakini ufundi wote wa kazi hii umo humo, na humo ndimo unamopotelea.

Stebilaiza yenyewe ni fimbo ya chuma cha springi iliyokunjwa, ikalazwa kukingama chini ya gari. Wazo lake ni la zamani: Stephen Coleman wa Fredericton, Kanada, alipata hataza yake mwaka 1919. Tairi mbili zikipanda tuta kwa pamoja, fimbo huzunguka tu ndani ya bushi zake, haina la kufanya. Upande mmoja ukipanda peke yake, au mwili wa gari ukianza kulala kwenye kona, fimbo husokotwa, na ukaidi wake wa kukataa kusokotwa ndio unaoliinua gari wima. Linki ni ule mkono mfupi unaoifunga ncha ya fimbo. Ikilegea, chuma kizima huwa abiria. Na magari ya safari yana haja kubwa ya chuma hicho. Land Cruiser ya mfululizo wa 70, ambayo tangu 1999 matoleo yake ya kazi nzito yana springi za koili mbele, hukatwa mwili ikarefushwa, ikapewa paa la kuinuka ili wageni wasimame kutazama simba, ikabebeshwa mizigo juu. Uzito umepanda juu; kona ni zilezile. Lami hukoma kwenye lango la Ngorongoro, na mbele yake kuna barabara iliyokunjamana kama bati la migongo inayogonga kila kiungo kwa saa nyingi mfululizo.

Kwa nini basi kukaza chini? Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, na mpira wa bushi ya linki hubeba mzigo ambao aliyekaza nati hauhisi. Gari likiwa hewani, ekseli imeshuka, mikono ya stebilaiza imeinama, na bushi haijui bado itabeba nini. Ukiikaza katika hali hiyo, umeufunga mpira kwenye pembe isiyo yake. Gari likitua, mpira husokotwa kabla ya safari kuanza, na kuanzia hapo haupumziki hata gari likilala gerejini. Kila tuta huongeza msokoto juu ya msokoto, mpaka mpira upasuke na ule mlio wa kogo-kogo uanze kusikika chini ya miguu ya dereva. Mwenye gari atalaumu kipuri kuwa ni feki. Mara nyingine ni feki kweli; mara nyingine kosa ni la dakika ile moja iliyorukwa.

Gari lililoinuliwa springi hudai uangalifu zaidi, kwa sababu mwili umepanda na linki ya zamani imekuwa fupi. Hapo huwekwa linki ndefu, nyingine zikiwa na meno ya kurekebishia urefu. Mikono ya stebilaiza inatakiwa kukaribia kulala sawa na ardhi. Linki ikizidi urefu au ikipungua, fimbo inaweza kugonga tairodi au kukwaruza bomba la breki. Fundi hulisimamisha gari mahali tambarare, akafunga upande mmoja, kisha akaenda wa pili na kuzungusha linki kidogo kidogo mpaka bolti iingie kwa kusukumwa na kidole. Kidole hicho ndicho mizani yake. Bolti ikihitaji nyundo, maana yake fimbo imeshasokotwa gari likiwa limesimama, na upande mmoja utabeba deni la mwenzake njia nzima. Nyundo ingemaliza kazi upesi, ndiyo maana inapendwa.

Wapo watakaosema huku ni kukuza jambo dogo: linki ni kipuri cha bei nafuu, ikifa inunuliwe nyingine. Hesabu hiyo husahau mahali linki inapofia. Gereji iko mjini. Bushi hupasuka porini, gari limejaa watu. Wengine husema gari la porini halihitaji stebilaiza kabisa, ing'oe uone linavyokanyaga korongo. Hao wana nusu ya ukweli. Kwenye mawe na makorongo fimbo huizuia tairi isishuke kugusa ardhi, na wapo madereva wanaoichomoa linki kwa muda kwa sababu hiyo. Lakini wenye kuijua shughuli hiyo huifunga fimbo isining'inie, na huirudisha kabla ya kugusa lami. Hata viwanda vilivyojibu haja hiyo kwa mitambo havikuiondoa. Jeep Wrangler Rubicon ya 2007 ilipewa swichi ya kuiachanisha stebilaiza ya mbele, na mwendo ukizidi hujiunganisha yenyewe. Land Cruiser 200 ya mwaka huohuo ilikuja na mfumo wa KDSS unaoilegeza fimbo kwa mafuta. Akili yote hiyo imetumika kuhakikisha chuma kinarudi kazini. Anayeking'oa na kukitupa juu ya paa la banda hajawapita wahandisi hao. Amesoma nusu ya somo lao.

Lawama hii isiishie kwa vijana wa gereji. Wao hulipwa kwa idadi ya vipuri walivyofunga, na mwenye gari amesimama pembeni akitazama saa. Tunalipia kitu kinachotoka kwenye boksi, na tunanung'unika kulipia muda wa kuteremsha gari na kulala tena chali. Mwanafunzi wa ufundi huona hayo, akajifunza kilicho na soko. Kazi iliyofanywa vizuri na iliyofanywa vibaya zinatoka getini zikifanana: nati zinang'aa, linki ni mpya, mteja ametabasamu. Aliyekazia hewani na aliyekazia chini wanapokea ujira uleule siku ileile. Tofauti itajulikana mbali, na dereva atakayeikuta hatakumbuka ni nani alilala uvunguni, wala ni nani hakulala.