Juu ya Neno "Kuhamahama" na Jamaa Zake

Katika vitabu vya shule, mfugaji aendaye na ng'ombe zake toka malisho hata malisho huitwa mhamahamaji. Neno limekwisha zoeleka. Hata hivyo nadai kwamba halimfai, na hapa Mugoma, katika wilaya ya Ngara ipakanayo na Burundi na Rwanda, jina lisilomfaa mtu laweza kumpotezea maskani yake.

Tutazame kwanza umbo lake. Kitenzi kikitajwa mara mbili huweza kuleta maana mbili. Katika kukatakata na kuvunjavunja, kazi hutendwa hata vipande vikawa vingi. Bali katika vitenzi vya mwendo, kama kuendaenda, kutembeatembea na kuzungukazunguka, maana hulegea: mtu yu njiani, lakini neno halisemi aendako. Kutanga nako husemwa zaidi kutangatanga, na ndani yake mna huzuni ya mtu asiye na kwao. Kuhamahama kumeingia katika kundi hili la pili. Kwa hiyo msikiaji asiyejua ufugaji humdhania mhamahamaji kuwa ndugu yake mzururaji.

Na mzururaji ni jina lenye askari nyuma yake. Mwaka 1983, ilipotungwa Sheria ya Nguvukazi, watu walioonekana hawana kazi mjini Dar es Salaam walikamatwa wakapelekwa mashambani, na uzururaji ndio uliotajwa kuwa kosa lao.

Mfugaji je? Kiangazi kikikausha majani ya vilimani, ng'ombe huteremshwa mabondeni penye maji. Mvua ikinyesha, hurudishwa. Njia yajulikana, na majira yajulikana. Tena mara nyingi waendao ni vijana, ilhali wazee na watoto wadogo hubaki nyumbani. Basi ni nani aliyehama? Ng'ombe wamehamishwa, mji uko pale pale. Ibrahimu naye alikaa hemani akifuata malisho, wala sijamsikia mhubiri amwitaye mzururaji.

Jirani zetu wamegawanya maneno haya vema kuliko sisi. Katika Kirundi na Kinyarwanda, kwimuka ni kuhama tu, na guhunga ni kuikimbia hatari. Aliyekimbia ni impunzi. Kinyarwanda kina neno jingine pia, gusuhuka, yaani kuhama kwa sababu ya njaa. Mwishoni mwa Aprili 1994, watu zaidi ya 200,000 walipovuka Rusumo kwa muda wa siku moja hivi wakaingia Ngara, Kiswahili hakikukosa jina: walikuwa wakimbizi. Ni kwa mtu asiyekimbia, naye hajakaa mahali pamoja, ndipo lugha yetu huanza kubabaika.

Ubabaikaji huo umezaa neno baya kupita yote, "mhamiaji haramu." Kuhama hutazama mahali palipoachwa, na kuhamia hutazama mahali palipofikiwa, kwa hiyo mhamiaji lazima awe ametoka pengine. Mwaka 2013, katika Operesheni Kimbunga iliyofanywa Kagera, Kigoma na Geita, jina hilo lilibandikwa hata juu ya watu waliozaliwa upande huu wa mpaka. Mtu hawezi kuhamia mahali alipozaliwa; sarufi yenyewe yakataa. Serikali ina haki ya kuuliza hati, wala sibishani na hilo. Lakini kisicho halali ni tendo la kuingia bila ruhusa, nasi twamwita mtu mwenyewe haramu. Najua mahali pamoja pengine ambapo Kiswahili hufanya hivyo, yaani katika "mwana haramu," na huko pia mtoto hubebeshwa jambo asilolitenda.

Mimi ningependa vitabu viandike "mfugaji ahamishaye mifugo," au kwa ufupi "mhamisha mifugo." Ni maneno marefu kidogo, lakini yataja kazi, na yamwacha mtu na kwao. Faida yake yaonekana hasa tangu mwaka 2019, mapori ya akiba ya Biharamulo, Burigi na Kimisi yalipounganishwa kuwa Hifadhi ya Taifa ya Burigi-Chato. Ukisema wahamahamaji wameingia hifadhini, msomaji aona kundi la watu wasio na mahali. Ukisema wahamisha mifugo, atauliza mara moja: wametoka malisho gani, na yamepatwa na nini?

Kuhamahama kwenyewe tusikutupe. Tumwachie mpangaji wa mjini, abadilishaye chumba kila kodi ipandapo, akibeba godoro lake kichwani.