Upande wa Kushoto

Bibi alisimama mwisho wa safu, kushoto. Alikuja Tanga kwa boti kutoka Pemba kumwona mjukuu wake akiolewa, na nilipiga picha kumi na mbili za safu ile. Wiki moja baadaye bi harusi akaniandikia: “Dada, picha nzuri, asante. Ila mbona Bibi kama yuko nyuma ya pazia?”

Nilizikuza kwenye kompyuta. Katikati, ushanga wa bi harusi ulihesabika mmoja mmoja. Kulia, mjomba alionekana mpaka mvi za nyusi. Kushoto, uso wa Bibi ulikuwa kama umepakwa mafuta. Nilijilaumu mimi kwanza. Ilinichukua siku tatu kuishuku lenzi, kwa sababu ile lenzi, hata kwa bei ya mtumba, ilinigharimu milioni tatu, nusu yake mkopo wa kikoba. Kitu ulichokikopea huwi mwepesi kukihukumu.

Nikaenda kwenye ukuta wa matofali. Picha moja nilipiga kawaida, nyingine nikaigeuza kamera juu chini. Katika ya kwanza yalififia matofali ya kushoto, katika ya pili yakafifia ya kulia. Ingekuwa nimesimama mshazari, yangefifia yale yale mara zote mbili. Ukuta ulikuwa hauna hatia, na mimi pia.

Lenzi za kuvuta zimejaa vioo. Canon EF 24-70mm f/2.8L II, iliyoingia sokoni mwaka 2012, inavyo 18 katika makundi 13. (Yangu ni ya kampuni nyingine ambayo sitaitaja. Ugonjwa huu hauna kabila.) Kioo kimoja kikiinama kwa kiasi ambacho jicho halioni, upande mmoja wa picha unalegea.

Nikarudi kwenye tahakiki nilizozisoma kabla ya kununua, na safari hii nilizisoma kwa hasira. Wahakiki wa Kiingereza wanapenda kusema lenzi ya bei kubwa imejengwa kama kifaru cha vita. Wanachosifia ni uzito mkononi, chuma cha nje, mpira unaozuia vumbi. Yote hayo ni ganda. Kinachoamua sura ya Bibi ni skrubu chache ndogo kuliko punje ya mchele, na hao wahakiki hawakuzifikia, kwa kuwa hawakufungua kitu.

Halafu kuna hili la nakala. Mhakiki wa riwaya husoma maneno yale yale utakayoyasoma wewe. Mhakiki wa lenzi anahukumu kitu ambacho hutakishika kamwe. Yako ni nyingine, iliyofungwa skrubu siku nyingine na mkono mwingine. Ninayemwamini katika kazi hii ni Roger Cicala, mwanzilishi wa kampuni ya kukodisha lenzi ya LensRentals huko Tennessee, Marekani. Yeye na wenzake wamepima nakala kumi za lenzi moja kwa mashine, wakachapisha tofauti zake, na wamezifungua lenzi nyingi hadi skrubu ya mwisho. Ukimsoma unaacha kuuliza kama lenzi fulani ni nzuri. Unauliza kama hii uliyonayo ni nzuri.

Kituo cha huduma nilichoiandikia picha zangu kilinijibu kwa sentensi moja: lenzi iko ndani ya viwango. Naisifu kama mwandishi, imesukwa. Haisemi lenzi ni nzima. Haisemi viwango ni vipi wala kaviweka nani. Kila kiwanda lazima kikubali kiasi fulani cha kosa, hilo sina ugomvi nalo. Lakini kiasi hicho kimeandikwa mahali, kwa namba, na mimi niliyelipa siruhusiwi kukiona. Kuipeleka nje ikarekebishwe kungenigharimu karibu nusu ya bei niliyonunulia.

Fundi niliyempata Kariakoo alianza na kamera za filamu, siku hizi anaishi kwa simu. Nilimwamkia, akaitikia marahaba bila kuinua macho, akaitikisa lenzi sikioni kama mtu anayechagua nazi. “Mwanangu, kuna kitu kimelegea humu.” Kundi moja la vioo limeshikwa na skrubu tatu, na moja ilikuwa inazunguka kwa ukucha. Chini ya kila skrubu pana kipete kisicho duara kamili, ukikizungusha kundi zima linainama kidogo. Maana yake waliounda lenzi walijua itahitaji kurekebishwa, wakaacha njia. Hapa hasira yangu ilipungua. Ubunifu ulikuwa mzuri. Kilichofungwa ni mlango wa kuufikia. Nchini Marekani, Nikon iliacha kuwauzia mafundi wa kujitegemea vipuri mwaka 2012, na mwaka 2020 ikaachana hata na wale iliowaidhinisha. Fundi wangu hana kitabu cha maelekezo wala mashine. Alizungusha kipete, nikatoka kupiga picha ukuta wa jirani, nikarudi, akazungusha tena. Tulifanya hivyo hadi alasiri.

Nilimsimulia habari za darubini ya Hubble wakati anakaza ya mwisho. Iliporushwa mwaka 1990 kioo chake kikuu, chenye upana wa mita 2.4, kilikuwa kimesuguliwa vibaya, kwa sababu ndani ya kifaa cha kukipimia lenzi moja ilikaa milimita 1.3 nje ya mahali pake. Desemba 1993 wanaanga wakaenda kuiwekea vioo vya kusahihisha huko huko angani. Waliweza kwa kuwa ilijengwa tangu mwanzo ije ifunguliwe na watu waliovaa glavu nene.

“Na hii yako,” akasema, akinionyesha skrubu mbili alizozikuta zimezibwa kwa gundi, “hawakutaka hata mimi mwenye mikono mitupu.”

Alichukua elfu themanini. Kona ya kushoto bado haijafikia ya kulia, ila unalazimika kuitafuta tofauti. Picha ya Tanga haina dawa. Bi harusi ameitundika hivyo hivyo sebuleni. Siku hizi kwenye safu ndefu wazee nawapanga katikati, na wajomba wakilalamika nawaambia ni mambo ya mwanga.