Nani Mwenye Haki ya Kusahihisha? Sanaa za Jamii kutoka Kamiriithu hadi Kahawa Wendani

Jina la Kahawa Wendani limeundwa kwa maneno ya lugha mbili. "Kahawa" ni la Kiswahili, nalo hukumbusha mashamba makubwa ya walowezi yaliyoenea pande za Ruiru na Thika. "Wendani" ni la Kikuyu, na maana yake ni mapenzi au urafiki baina ya watu. Kitongoji hiki ni jirani wa Chuo Kikuu cha Kenyatta, kilichoanza mwaka 1965 katika majengo yaliyokuwa kambi ya jeshi la Waingereza, na kupata hadhi kamili ya chuo kikuu mwaka 1985. Chuoni hufundishwa muziki, sanaa za ufundi na sanaa za maonyesho, na miongoni mwa waliopata kufundisha humo ni mwandishi wa tamthilia Francis Imbuga. Kitongojini huishi wanafunzi na wapangaji waliotoka sehemu mbalimbali za Kenya. Ujirani huu unazusha swali linalowahusu wataalamu wa lugha kama linavyowahusu wasanii: sanaa ya chuo huwa sanaa ya jamii kwa sharti gani?

Mfano ufaao kuwa kipimo hauko mbali. Katika wilaya iyo hiyo ya Kiambu ya zamani, kijijini Kamiriithu karibu na Limuru, wakulima na wafanyakazi walianzisha kituo cha elimu na utamaduni kilichoanza na madarasa ya kisomo cha watu wazima. Ngũgĩ wa Thiong'o, aliyekuwa mhadhiri wa Chuo Kikuu cha Nairobi, na Ngũgĩ wa Mĩriĩ waliombwa na wanakijiji waandike mchezo. Ndipo ilipotokea Ngaahika Ndeenda, iliyoanza kuonyeshwa rasmi tarehe 2 Oktoba 1977 chini ya uongozaji wa Kĩmani Gecaũ. Tarehe 16 Novemba kibali cha maonyesho kikafutwa. Mwisho wa Desemba Ngũgĩ wa Thiong'o akakamatwa, akawekwa kizuizini katika Gereza la Kamiti, lisilo mbali na Kahawa, hadi Desemba 1978.

Wahakiki wengi wameeleza hatari ya mchezo huo kwa kutazama maudhui yake. Kĩgũũnda, kibarua mwenye shamba la ekari moja na nusu, anashawishiwa na tajiri Kĩoi afunge ndoa ya kanisani. Anaweka hati ya shamba rehani ili apate fedha za harusi, na mwishowe anapoteza shamba lenyewe. Maudhui hayo ni mazito, lakini hayakuwa mageni. Riwaya ya Petals of Blood ya Ngũgĩ iyo hiyo, iliyotoka Julai 1977, iliwashambulia matajiri kwa ukali usiopungua, wala haikupigwa marufuku. Basi yafaa sababu itafutwe mahali pengine.

Sababu hiyo imo katika namna mchezo ulivyotengenezwa. Mazoezi yalifanyika hadharani, na kila aliyepita aliweza kusimama, kutazama na kutoa maoni. Wazee walisahihisha misemo na mithali. Waliozijua sherehe za jadi walisahihisha nyimbo na mpangilio wake. Waliofanya kazi viwandani walisahihisha maelezo ya kazi na ujira. Matini iliyoletwa na wasomi ilirudi kwao ikiwa imebadilika. Jambo hili liliwezekana kwa sababu lugha ya mchezo ilikuwa lugha ambayo wanakijiji waliimiliki kuliko waandishi. Mtu hawezi kumsahihisha msomi katika lugha ambayo msomi ndiye mwalimu wake. Hadhira inayotazama tamthilia kwa lugha ya kujifunzia darasani inaweza kucheka, kulia na kupiga makofi, lakini haithubutu kusema, "Hapo umekosea."

Kanuni iyo hiyo ilitawala sanaa za ufundi. Ukumbi wa wazi wenye nafasi ya watu zaidi ya elfu mbili ulibuniwa na kujengwa na wanakijiji wenyewe, baada ya kuunda kwanza kielelezo kidogo cha njiti za kiberiti. Hati ya shamba, inayotunzwa nyumbani kwa Kĩgũũnda kama johari, haikuhitaji kuelezwa kwa mtazamaji aliyekuwa na hati kama hiyo nyumbani, au aliyeikosa. Vivyo hivyo samani mpya zilizonunuliwa kwa mkopo: kila kiti kilichoongezwa jukwaani kilikuwa kipande cha shamba kilichopungua. Huu ni ufundi wa kutumia vifaa vichache vyenye maana nzito, na ulitegemea macho ya hadhira yaliyozoea maisha hayo.

Hata hivyo, Kamiriithu haistahili kusifiwa bila kuchambuliwa. Kitabu kilipochapishwa mwaka 1980 kilibeba majina ya waandishi wawili, ilhali kazi ilikuwa ya wengi. Desturi ya uchapishaji haikuwa na njia ya kumtaja mzee aliyetengeneza mithali. Tafsiri ya Kiswahili, Nitaolewa Nikipenda, iliyotoka mwaka 1982, iliufikisha mchezo kwa wasomaji wa Afrika Mashariki nzima, nayo ni huduma kubwa. Lakini tafsiri ni matini iliyokwisha kusahihishwa na watu wa mahali pengine. Anayeisoma darasani anapokea matokeo ya Kamiriithu, hapokei utaratibu wake.

Kuna pia suala la mipaka ya lugha. Kikuyu kilifaa Kamiriithu kwa kuwa ndicho kilichozungumzwa na wanakijiji. Waandaaji wenyewe walianza kuiona mipaka hiyo, kwani mchezo uliofuata, Maitũ Njugĩra, uliingiza nyimbo za lugha kadhaa za Kenya. Mchezo huo ulinyimwa Ukumbi wa Taifa mwaka 1982, na tarehe 12 Machi mwaka huo askari wakaubomoa ukumbi wa Kamiriithu. Baadaye pakajengwa chuo cha ufundi mahali pale. Mwezi Mei 2022 Ngaahika Ndeenda ilionyeshwa Nairobi kwa Kikuyu na kwa Kiingereza, katika Ukumbi ule ule wa Taifa. Kurudi huko kulikuwa ushindi, lakini watazamaji walionunua tiketi waliutazama mchezo uliokamilika, hawakuutengeneza.

Tanzania ilitoa mfano mwingine. Miaka ya 1982 na 1983, Penina Muhando, Amandina Lihamba na Eberhard Chambulikazi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam waliwashirikisha wakazi wa Malya, mkoani Mwanza, katika kuyachunguza matatizo yao kwa njia ya ngoma na maigizo. Huko pia wasomi hawakufika na tamthilia iliyokamilika. Mchezo ulizaliwa katika mjadala wa wakazi.

Kutokana na mifano hii, mtu asidhani kwamba kuifuata Kamiriithu katika Kahawa Wendani ni kuigiza kwa Kikuyu tu. Katika kitongoji cha wapangaji waliotoka Magharibi, Nyanza, Pwani na Ukambani, lugha inayowawezesha majirani kusahihishana ni Kiswahili. Kwa hiyo kanuni ile ile iliyodai Kikuyu Limuru inadai Kiswahili hapa, na jina la kitongoji lenyewe linaonyesha kwamba lugha hizi mbili zinaweza kukaa nyumba moja.

Lakini sharti hilo lina makali yake kwa walimu wa Kiswahili. Kiswahili cha Wendani si kile cha vitabu vya mtihani. Kina sheng, kina lafudhi za lugha mama, kina maneno ya makondakta na ya mafundi wa ujenzi. Mhadhiri atakayepeleka mchezo wa Kiswahili sanifu kitongojini, kisha akatumia mazoezi kuwafunza wakazi ngeli za nomino, atakuwa ameifanya lugha ya umma kuwa ukuta mwingine kati ya chuo na umma. Wazee wa Kamiriithu waliwasahihisha wasomi Kikuyu chao. Sanaa ya chuo itakuwa sanaa ya Wendani siku fundi wa ujenzi atakapomkatiza mwigizaji na kumwambia kwamba hakuna fundi anayesema hivyo, na mhadhiri akachukua kalamu, akalifuta neno lake, akaandika la fundi.